Milima Inayomiminika: Harra ya Madina na Moto wa Goma

(Matini ya mhadhara uliotolewa baada ya swala ya Isha mbele ya jamaa wa misikiti ya Muleba, kisha ukarudiwa Bukoba mjini)

 



Mada niliyoiomba kwa kamati usiku huu ni milima ya volkano yenye umbo la ngao. Najua wapo wanaojiuliza mwalimu wa madrasa ana nini na volkano, na kwa nini asizungumzie udhu au mirathi kama ilivyo desturi. Nitajibu kwa kisa, na kisa chenyewe kinaanza na aibu yangu mwenyewe.

Mwishoni mwa Mei mwaka 2021, siku chache baada ya mlima Nyiragongo kumwaga moto kuelekea mji wa Goma, tulikuwa tumekaa barazani mwa msikiti mmoja wa mkoa huu baina ya Maghrib na Isha. Simu zilikuwa zikipita mkono kwa mkono, zikionyesha anga nyekundu na watu wakikimbia na magodoro kichwani. Mmoja wetu akasema kwamba wale wamepata malipo yao, kwani ni watu wa ngoma na pombe. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Kwa hesabu ya vyeti, mimi ndiye niliyekuwa nimesoma zaidi katika baraza lile, nami nikanyamaza. Miongoni mwetu alikuwepo mzee mmoja, mfanyabiashara wa dagaa, ambaye binti yake ameolewa huko Goma. Aliinuka taratibu, akavaa makubadhi yake, akaondoka. Kwa miaka yote niliyomjua, hakuwahi kuondoka msikitini kabla ya Isha.

Deni la ukimya ule ndilo lililonileta kwenye mimbari hii. Nami sipendi kulilipa kwa mawaidha matupu. Nataka tuujue mlima kwanza, kisha tupime kama ulimi wetu ulikuwa na haki ya kusema uliyoyasema.

Watu wengi wakisikia neno volkano huona machoni mwao mlima mrefu wenye ncha, mfano wa pia iliyopinduliwa, unaolipuka kwa kishindo na kurusha majivu hadi mawinguni. Ipo ya namna hiyo. Lakini ipo namna nyingine isiyo na haiba ya mlima. Hiyo ni mipana mno, na miteremko yake ni ya taratibu kiasi kwamba mtu aweza kupanda kwa saa nyingi asihisi kuwa yuko mlimani. Ukiutazama kwa mbali mlima wa namna hii unafanana na ungo uliofudikizwa, au ngao iliyolazwa chini mgongo ukiwa juu. Ndiyo maana wataalamu wa miamba wakauita mlima wa ngao. Huko Iceland, kisiwa cha kaskazini kilichojengwa chote kwa moto wa chini ya bahari, upo mlima uitwao Skjaldbreiður, na maana ya jina lake kwa lugha ya wenyeji ni ngao pana.

Tofauti baina ya namna hizi mbili inatokana na uzito wa kile kinachotoka. Mwamba ulioyeyuka ukiwa na silika nyingi, madini yaleyale yaliyomo ndani ya mchanga na kioo, huwa mzito kama ugali. Hewa iliyonaswa ndani yake haipati njia, hujikusanya na kujibana mpaka mlima upasuke. Silika ikiwa kidogo, mwamba ule, ambao ukiganda huitwa basalti, huwa mwepesi kama uji wa mgonjwa. Hewa hutoka bila mapambano, na uji wenyewe, wenye joto la digrii 1,100 na zaidi, humiminika mbali kabla haujaganda. Huu ndio uitwao lava. Kila mmiminiko huacha tabaka jembamba, na tabaka hupandana juu ya tabaka kwa malaki ya miaka mpaka ngao ikajengeka. Uso wa mto wa lava hupoa upesi na kuwa kama blanketi, na chini ya blanketi hilo moto huendelea kutembea ndani ya mfereji uliofunikwa. Moto ukiisha kupita, mfereji hubaki mtupu na kuwa pango. Huko Khaybar, kaskazini ya Madina, liko pango la aina hiyo liitwalo Umm Jirsan, lenye urefu wa kilomita 1.5, na mwaka 2024 watafiti walitangaza kwamba wachungaji wamekuwa wakijihifadhi humo kwa miaka isiyopungua 7,000.

Sasa turudi karibu na nyumbani. Ukisimama hapa Muleba ukachora mstari ulionyooka kuelekea magharibi, ukavuka mto Kagera na Rwanda yote, hutamaliza kilomita 300 kabla ya kukutana na mlima wa ngao ulio hai kuliko mingi ya Afrika. Unaitwa Nyamuragira. Urefu wake ni mita 3,058 juu ya usawa wa bahari, na lava zake zimetandaa juu ya ardhi ya kilomita za mraba zipatazo 1,500. Kileleni una kasoko, yaani shimo la mdomo wa volkano, lenye upana wa kilomita mbili. Tangu miaka ya 1880 umemimina zaidi ya mara 40. Mwaka 1938 ulianza kumimina na haukukoma mpaka 1940, na lava ilitembea hadi ikaingia katika ziwa Kivu. Tena Novemba mwaka 2011 ulirusha chemchemi za moto zilizopanda mamia ya mita. Hata unapokuwa umetulia, moshi wake wenye salfa huchafua mvua na kuunguza majani ya mashamba yaliyo upande unaoelekea upepo.

Jirani yake, umbali wa kilomita 13 tu, yuko Nyiragongo mwenye mita 3,470. Huyu kwa umbo si ngao. Ana kuta za mwinamo mkali na ncha inayoonekana kutoka Goma yote. Lakini lava yake ni nyepesi hata kuliko ya milima mingi ya ngao, na hapo ndipo ilipo hatari. Kwa miaka mingi alikuwa na ziwa la moto kasokoni. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wake ulipasuka, na ziwa lile likakauka kwa muda usiozidi saa moja. Mto wa moto uliteremka kwa kasi ya kilomita makumi kwa saa, kasi ambayo hakuna mtu awezaye kuikimbia kwa miguu. Ukavipita vijiji. Makadirio ya waliokufa yanatofautiana sana, kuanzia makumi hadi mamia.

Tarehe 17 Januari 2002 ardhi ilipasuka tena kuanzia ubavuni mwa mlima hadi karibu na mji wenyewe. Lava ikapita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, ikayala majengo yapatayo 4,500, ikamalizikia ziwani. Watu wapatao 120,000 walibaki bila makazi. Waliokufa walizidi 100, na naomba mzingatie kwamba wengi wao hawakuchomwa na lava. Waliuawa na hewa yenye sumu na kuta zilizowaangukia, na wengine na mlipuko wa kituo cha mafuta siku chache baadaye.

Kisha ikaja Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021. Wakati wa jioni anga iligeuka nyekundu, na hapakuwa na tangazo lolote lililotangulia. Kituo cha Goma kinachochunguza milima hiyo kilikuwa kimekosa fedha baada ya ufadhili kusimama mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa wachunguzi wake hawakuweza hata kulipia intaneti ya kupokea habari za vipimo vyao. Lava ilisimama ukingoni mwa mji. Watu wapatao 32 walipoteza maisha, wengine barabarani katika msongamano wa kukimbia, na wengine kwa sababu waliikanyaga lava iliyoonekana kuwa imepoa wakavuta hewa iliyokuwa ikifuka kutoka chini yake. Watoto zaidi ya 150 walipoteana na wazazi wao. Siku tano baadaye serikali ya Kongo ikaamuru mitaa 10 ihamwe, na watu wapatao laki nne wakatoka, wengine wakielekea Sake na wengine Rwanda.

Watu wa Goma, ambao lugha yao ni hii hii Kiswahili, wana neno ambalo wataalamu wa dunia wameliazima na kuliandika katika vitabu vyao bila kulitafsiri. Neno hilo ni mazuku. Ni hewa ukaa inayotoka katika nyufa za ardhi. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa tunayovuta, hukaa mabondeni na mashimoni kama maji yasiyoonekana. Mtu mzima aliyesimama aweza kupita salama, na mtoto anayemfuata nyuma akaanguka. Hii si habari ya mbali. Wapo wafanyabiashara wetu wanaopeleka dagaa na ndizi upande ule na kulala njiani. Nawaambia, msilale bondeni katika ardhi ya mawe meusi, na mkiona ndege au mbuzi amekufa mahali bila jeraha, ondokeni hapo kuelekea juu.

Milima ya ngao imetapakaa duniani. Marsabit na Menengai za Kenya ni ngao. Erta Ale, katika jangwa la Afar huko Ethiopia, ni ngao fupi isiyofika hata mita 700, nayo imekuwa na ziwa la moto kwa miongo mingi. Jirani yake Hayli Gubbi, ambayo haikuwa na historia yoyote iliyoandikwa, ililipuka Novemba 2025 na majivu yake yakavuka bahari hadi Yemen, Oman na India, likiwa kumbusho kwamba hata ngao mara nyingine hupasuka kwa kishindo. Katika visiwa vya Hawaii upo Mauna Loa. Ukipima kutoka sakafu ya bahari mpaka kileleni unapita kilomita tisa, na mwaka 2022 ulimimina baada ya kunyamaza miaka 38.

Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, ni kisiwa cha ndugu zetu wa dini na wa damu. Karibu nusu yake ya kusini ni mlima mmoja wa ngao, Karthala, wenye mita 2,361. Mwaka 1903 hewa ya mlima ule iliua watu 17. Mwaka 2005 ulilipuka mara mbili, Aprili na Novemba, majivu yakaanguka katika mabirika ya maji ya mvua, na kwa kuwa upande mkubwa wa kisiwa hauna mito, watu zaidi ya laki moja wakakosa maji safi. Sikumsikia mtu yeyote wa baraza letu akisema kwamba watu wa Ngazidja walipata malipo yao. Nadhani ni kwa sababu tunawajua kuwa ni Waislamu wenzetu, na hapo kila mmoja wetu ajiulize anatumia mizani mingapi.

Hata sayari nyingine zina milima hii. Juu ya Mirihi umo mlima ulioitwa Olympus Mons, wenye kimo cha kilomita 22 hivi na upana wa kilomita 600. Lau ungewekwa ukingo wake mmoja hapa Bukoba, ukingo wa pili ungefika Arusha. Umekua hivyo kwa kuwa gamba la Mirihi halitembei kama la ardhi yetu, basi tundu la moto hukaa mahali pamoja na kumimina juu ya mlima uleule kwa mamilioni ya miaka, na mvuto wa sayari ile ni mdogo, hivyo mlima haulemewi na uzito wake. Mteremko wake ni mdogo kiasi kwamba mtu angesimama ubavuni mwake asione mwisho wake. Kwenye Zuhura pia ziko ngao nyingi. Mwaka 2023 wataalamu walizichambua upya picha zilizopigwa na chombo cha anga mwaka 1991, wakaona tundu moja la volkano lilibadilika umbo ndani ya miezi minane, ishara kwamba moto wa Zuhura haujazimika. Nayo Io, mwezi mmojawapo wa Mshtarii, ina volkano hai kwa mamia.

Nimeyapitia hayo upesi kwa sababu mahali ninapotaka tukae kwa muda ni Madina.

Nilipokuwa masomoni huko, siku moja ya mapumziko wenzangu wawili walinichukua hadi kusini mashariki ya mji. Ardhi ile ni nyeusi, na mawe yake yana vitundu na makali. Kandambili zangu zilikatika kabla ya saa moja. Mwenzangu, kijana wa hukohuko, akaniuliza kama najua ninachokikanyaga. Nikamwambia ni harra, neno ambalo tumelisoma sote katika Sira. Akacheka akasema, "Ni lava." Nami nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu nilikuwa nimelipita neno lile mara mia bila kujiuliza ni kitu gani.

Wanalugha wa Kiarabu wa zamani walieleza kuwa harra ni ardhi yenye mawe meusi kana kwamba imechomwa moto. Walikuwa wamepatia. Harra ya Rahat inaanzia Madina na kushuka kusini kiasi cha kilomita 300, na ndani yake mna ngao na vilima vya majivu kwa mamia. Mji wa Mtume (s.a.w.) umekaa baina ya harra mbili, ya mashariki iitwayo Waqim na ya magharibi iitwayo al-Wabara, na mipaka ya eneo lake takatifu ikatajwa kwa hizo mbili. Vita vya Khandaq mwaka wa 5 Hijria, handaki lilichimbwa upande wa kaskazini peke yake. Pande nyingine hazikuhitaji handaki, kwani pamoja na majengo na mitende, harra ile ilimzuia farasi kupita kwa mbio. Mji ule ulikingwa na lava iliyoganda kabla hajazaliwa yeyote wa watu wale.

Mtume (s.a.w.) alieleza, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba kabla ya Kiyama utatoka moto katika ardhi ya Hijazi ambao nuru yake itafika shingo za ngamia wa Busra, mji ulioko Sham. Na katika Jumada al-Akhira mwaka 654 Hijria, mwishoni mwa Juni 1256, watu wa Madina walisikia ngurumo, na ardhi ikatikisika siku kadhaa mfululizo. Kisha moto ukatoka harra ya mashariki. Nyufa zikamimina kwa siku 52. Lava ilitembea kilomita 23 na kusimama kiasi cha kilomita nane tu kutoka mjini. Watu waliandika barua kwenda Dameski, na mwanahistoria Abu Shama akazinakili. Imam an-Nawawi, aliyekuwa hai wakati huo, akaandika katika sherehe yake ya Sahih Muslim kwamba habari ya moto ule ilimfikia kila mtu wa Sham. Ibn Kathir naye akapokea kuwa mabedui wa Busra waliona shingo za ngamia wao katika nuru yake.

Nataka mzingatie mambo mawili katika barua zile. Waandishi wake walihesabu. Walitaja siku ardhi ilipoanza kutikisika na siku moto ulipotoka, wakaeleza upande ulikotembea na umbo la mawe uliyoyaacha. Wataalamu wa miamba wa zama zetu walipokwenda kuichunguza harra ile, waliitambua lava ya 654 kwa msaada wa maelezo yao. Sikuona ndani yake mtu akisema kwamba kwa kuwa ni jambo la Allah hapana haja ya kutazama.

Jambo la pili ni lile walilolifanya. Waliingia msikitini usiku pamoja na watoto wao, wakalia na kuomba msamaha. Amiri wa Madina aliacha huru watumwa wake na kurudisha mali za watu alizokuwa amezishika. Kila mmoja alijishtaki nafsi yake. Msikiti wa Mtume wenyewe uliungua mwezi wa Ramadhani mwaka uleule, kwa taa ya mhudumu, na miaka miwili baadaye Baghdad ikaanguka mikononi mwa Wamongolia. Ilikuwa miaka mizito. Sasa niambieni, ndugu zangu, moto ulipotoka ardhini ulitokea wapi? Ulitokea mlangoni mwa Madina, mji bora wa watu waliokuwa wakisali. Ni nani basi atakayesimama akasema kwamba moto wa Goma ni ushahidi kuwa watu wa Goma ni waovu kuliko sisi? Anayesema hivyo aanze kwanza na watu wa Madina wa mwaka 654, kama ana ujasiri huo.

Na moto wa chini ya Madina haujazimika. Mwaka 2009, katika harra iliyo karibu na mji wa al-Ays, kaskazini magharibi ya Madina, ardhi ilitikisika maelfu kwa maelfu ya mara kuanzia Aprili hadi Juni, na tetemeko kubwa lilifika kipimo cha 5.4. Wataalamu walitambua kwamba mwamba ulioyeyuka unapanda. Serikali ikawaondoa watu makumi ya maelfu. Moto ule ukasimama kilomita chache chini ya uso wa ardhi, haukutoka, na watu wakarudi kwao. Pale wachunguzi walikuwa na vyombo na mishahara. Goma mwaka 2021 hawakuwa na hata intaneti. Nafikiri tofauti hiyo imeua watu wengi kuliko lava.

Wapo watakaosema haya ni ya wengine. Basi tukumbuke Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, baada ya saa tisa alasiri, Idi ya kuchinja ikiwa imekaribia. Ardhi ya Kagera ilitikisika kwa kipimo cha 5.9. Watu wasiopungua 17 walifariki na mamia wakajeruhiwa. Nyumba za Hamugembe na za Missenyi zilianguka, na shule za Ihungo na Nyakato zikafungwa kwa muda. Tulilala nje, katika vibanja na viwanjani. Na katika siku zilezile nilipokea ujumbe wa simu kutoka kwa mtu wa mkoa mwingine, Mwislamu anayesali, ukieleza kwamba Bukoba imeadhibiwa kwa dhambi zake na kuzitaja moja moja. Mama yangu mdogo alikuwa amevunjika nyonga kwa ukuta ulioanguka. Niliufuta ujumbe ule kwa hasira kubwa. Miaka mitano baadaye, barazani, nikasikia maneno yaleyale yakisemwa juu ya Goma, nikanyamaza.

Wengi waliniuliza mwaka ule kama tetemeko lilikuwa dalili ya volkano kuchipuka katika ziwa letu. Jibu ni hapana. Tetemeko lile lilianzia kilomita 40 hivi chini ya ardhi, nalo lilitokana na kuvutana kwa gamba la dunia, kwani tumekaa baina ya matawi mawili ya Bonde la Ufa. Majabali yanayoonekana juu ya mji wa Bukoba na katika rweya zetu ni mawe ya mchanga ya zama za kale sana, yaliyotandikwa na maji. Hayakutoka motoni. Tunachopaswa kukiogopa ni kuta za tofali zisizofungwa kwa nondo wala renta, na msikiti huu tuliomo una ukuta wa kusini ambao ufa wake wa mwaka 2016 umezibwa kwa plasta tu. Nimeshamwambia mwenyekiti wa kamati, na sasa nasema mbele yenu.

Nimalizie na yule mzee wa dagaa. Nilikwenda nyumbani kwake, si siku ile, bali baada ya wiki mbili, kwa kuwa niliona haya. Nilimwomba radhi. Akanikaribisha kahawa, akasema, "Maalim, wewe hukusema kitu." Nikamwambia ndilo lililonileta. Alikaa kimya kwa muda, kisha akanieleza kwamba binti yake na watoto wako salama. Nyumba yao ya kwanza ilifunikwa mwaka 2002. Mumewe aliyavunja mawe ya lava ileile kwa nyundo, akajenga kuta nyingine juu yake mahali palepale, na mwaka 2021 moto ulisimama kabla ya kufika mtaani kwao. Mzee aliniletea jiwe moja ambalo mjukuu wake alimpa zawadi. Ninalo hapa, nimeruhusiwa kuwaonyesha. Lipitisheni kwa mikono, lifike na kwa kina mama, kisha lirudishwe mbele, kwani mwenyewe yuko safu ya pili na atalihitaji.